Siku Kuu ni ya Mtoto Mgonjwa Pia

Mazungumzo na wamama wa kliniki, Lulimba

Wale waliofika sasa hivi, mukae karibu. Wenye watoto wachanga, muje upande huu wa kivuli. Tutapima kilo nyuma ya mazungumzo.

Leo sitaanza na dawa. Nitaanza na ulizo. Tarehe 30 Juni tunakumbuka uhuru wa mwaka 1960. Watoto wa masomo wanapita kwa mistari mbele ya watu, ngoma zinalia, mpira unachezwa, na kila nyumba inatafuta kitu kizuri cha kutia katika sahani. Siku ile, mtoto mgonjwa anakaa wapi?

Najua jibu, maana nimelisikia hapa mara nyingi. "Anabaki nyumbani na nyanya yake. Mwaka ujao, akipona, ataenda."

Basi leo tuzungumze juu ya neno hilo, "mwaka ujao".

Nikisema mtoto mgonjwa, leo ninafikiri zaidi juu ya mtoto mwenye ugonjwa wa damu tunaouita SS. Kwa Kifaransa waganga wanauita drepanositozi. Lakini mama mwenye mtoto wa pumu, wa kifafa au wa moyo asikilize pia. Dawa ni mbali mbali, lakini namna ya kupanga siku ni moja.

Ugonjwa huu ni nini?

Ndani ya damu yetu kuna chembe ndogo nyekundu. Kwa mtu mzima wa afya, chembe hizi ni mviringo na laini. Zinapita katika mishipa midogo bila shida. Kwa mtoto wa SS, chembe zinaweza kukauka na kujipinda kama mundu. Mwaka 1910, munganga mmoja wa Chicago, jina lake James Herrick, aliandika habari za chembe hizo zenye umbo la mundu, alizoziona katika damu ya kijana mmoja mwanafunzi.

Munajua mambo ya mto wakati wa mvua kubwa. Miti inashuka na maji, inakamatana chini ya daraja, na maji hayapiti tena vizuri. Ndivyo inavyokuwa katika mishipa ya mtoto huyu. Chembe zilizopinda zinakamatana, zinaziba njia, na mahali damu isipofika ndipo maumivu yanapoanza: katika mifupa, mgongo, tumbo au kifua.

Ugonjwa umetoka wapi? Mtoto alizaliwa nao. Haukuletwa na jirani, wala na mke mwenza, wala na nyanya mzee. Hakuna mtu aliyemloga. Tena si kosa la mama peke yake, kama wengine wanavyosema kwa ukoo. Mtoto anapata sehemu moja kwa baba na sehemu moja kwa mama. Baba na mama wakiwa wote na alama hiyo moja moja, wao wenyewe hawaugui. Lakini katika kila mimba kuna nafasi moja kwa nne kwamba mtoto atapata alama zote mbili. Nasema kila mimba. Si kusema mmoja akiisha kuzaliwa mgonjwa, watatu wengine wako salama.

Sasa musikilize vizuri. Ni mambo gani yanayofanya chembe zijipinde? Kukosa maji mwilini. Baridi. Homa na malaria. Kuchoka sana. Basi, fikirini siku kuu ya mwezi wa sita: asubuhi baridi, mchana jua kali na vumbi, kukimbia, kusahau kunywa, kurudi usiku na nguo yenye jasho. Siku kuu inakusanya mambo yote hayo pamoja. Ndiyo maana wazazi wanaogopa, na hawaogopi bure.

Habari za mama mmoja

Mama mmoja wa kwetu amenipa ruhusa nieleze habari zake bila kutaja jina. Ana watoto watatu. Wa kwanza ni msichana wa miaka 12. Wa pili ni kijana wa miaka 9, ndiye mwenye SS. Wa tatu bado mdogo.

Mwaka ule wa kwanza, baba alisema, "Huyu abaki. Akianza kuumwa kule, siku ya wote itaharibika." Mama alinyamaza. Kijana naye alinyamaza. Wakamwachia nyanya, wakaenda.

Nyanya alilala usingizi kidogo nyuma ya chakula. Kijana akapita nyuma ya nyumba, akakimbia mpaka kiwanja. Alijificha wazazi wasimwone, kwa hiyo hakuthubutu kuomba maji. Alicheza mpira na wenzake katika jua mpaka jioni. Upepo ukaanza, na shati lake lilikuwa limelowa jasho. Usiku ule miguu na mgongo vilimkamata. Alilia mpaka jirani wakaamka. Saa kumi na mbili asubuhi walimleta hospitali juu ya kinga, baba anasukuma, mama anamshika nyuma. Alilala hapa siku tano.

Siku ya tatu, maumivu yalipopunguka, nilimwuliza, "Mtoto, ulijua utaumwa. Juu ya nini ulienda?"

Alinijibu pole pole, "Kila mwaka wananiambia mwaka ujao."

Mama alikuwa amekaa pale chini, kando ya kitanda. Alijifunika uso na kikwembe.

Wamama, mtoto huyu alifungiwa nyumbani ili asiumwe. Na ni kule kufungiwa kulikomfanya acheze bila maji, bila mtu wa kumwangalia, bila mahali pa kupumzika. Kama angeenda pamoja na wazazi, angekuwa na kikombe mkononi na kivuli juu ya kichwa.

Neno "mwaka ujao" katika nchi nyingine

Jambo hili si la Lulimba tu. Katika Marekani, jimbo la Florida, kuna bustani kubwa za michezo. Jamaa nyingi wanasafiri mbali sana ili watoto wao wapande magari ya kuzunguka na kuona maajabu. Huko aliishi Henri Landwirth. Alizaliwa Antwerp, katika Ubelgiji, akapita katika kambi za mateso wakati wa Vita Kuu ya Pili, kisha akawa mwenye hoteli. Mtoto mmoja msichana, mgonjwa wa kansa ya damu, alitamani sana kuona bustani hizo pamoja na wazazi wake. Chumba katika hoteli kilikuwa tayari. Lakini kupanga mambo mengine ya safari kulichukua muda mrefu, na mtoto akafa mbele ya kufika.

Landwirth hakuweza kusahau chumba kile kitupu. Mwaka 1986 alianzisha kijiji kwa watoto wenye ugonjwa mkali, ambapo mtoto anakaa juma moja pamoja na wazazi na ndugu zake bila kulipa.

Sisi hatuna kijiji cha namna hiyo. Lakini tuna kiwanja, tuna muti wa embe wenye kivuli, tuna ngoma, tuna ndugu. Jambo alilolifahamu mtu yule, nasi tunaweza kulifahamu: furaha ya mtoto mgonjwa haiwezi kungoja mpaka apone. Wengine watakaa na ugonjwa huu maisha yao yote. Siku kuu yao sherti iwe mwaka huu, pamoja na ugonjwa wao.

Mwaka wa pili

Umoja wa Mataifa ulichagua tarehe 19 Juni iwe siku ya kukumbuka ugonjwa huu dunia nzima. Ni siku 11 mbele ya siku yetu ya uhuru. Mama yule alikuja kliniki siku hiyo, na safari hii baba alikuja pia. Tulikaa pamoja, na kijana akakaa katikati yetu.

Baba alimwuliza, "Katika siku nzima, ni kitu gani unachokitaka kupita vyote?"

Tulifikiri atasema mpira. Hapana. Alisema, "Nataka kupita katika mstari pamoja na darasa langu."

Ni hayo tu. Kama tusingemwuliza, tungekataza kitu asichokihitaji, na kumnyima kile alichokitaka.

Baba alienda kuongea na mwalimu. Wakapatana: kijana hatasimama juani tangu asubuhi pamoja na wengine. Atakaa chini ya muti, na darasa lake likiitwa ataingia mahali pake. Dada yake alipewa kazi ya kuchukua bidoni ya maji yaliyochemshwa. Shangazi alikubali kubaki na watoto wengine kama wazazi wangerudi upesi.

Siku ilipofika, kijana alipita mbele ya watu, mikono inapanda na kushuka kama ya askari. Mama anasema hajui wengine walipita namna gani, maana yeye aliangalia mmoja tu. Kisha wakala chini ya muti: bugali, sombe na ndagala. Saa nane mchana kijana akasema, "Mama, mgongo umeanza."

Baba hakugomba. Hakusema "Nilijua". Alimweka juu ya kinga, wakarudi. Wakampa maji, wakamfunika, wakaweka kitambaa cha moto kidogo juu ya mgongo, wakampa dawa ya maumivu kama ilivyoandikwa katika fishi. Dada na mdogo walibaki na shangazi mpaka mwisho wa mpira. Usiku kijana alilala vizuri. Hakufika hospitali.

Siku yake ilikuwa ya masaa tano tu. Lakini ilikuwa siku yake.

Namna ya kupanga

Haya, sasa tuseme mambo ya kufanya. Wanaojua kuandika waandike. Wengine tutarudilia pamoja.

Mbele ya siku kuu. Mulete mtoto kliniki tumwangalie. Dawa za kila siku zisikatwe juu ya siku kuu: ile ya kuongeza damu iitwayo asidi foliki, penisilini kwa watoto wadogo, na dawa ya kuzuia malaria ikiwa munganga ameiandika. Alale ndani ya chandarua kila usiku. Musimpe dawa ya chuma bila kuuliza. Si kila mtoto mwenye damu kidogo anaihitaji. Kuna tena dawa iitwayo hidroksiurea. Waganga waliijaribu kwa watoto zaidi ya 600 katika Angola, Kongo yetu, Kenya na Uganda, na habari zake zilitolewa mwaka 2019: maumivu yalipunguka, malaria ilipunguka, na vifo vilipunguka. Inahitaji kupimwa damu mara kwa mara, kwa hiyo ni munganga anayeitoa. Musiinunue tu sokoni.

Asubuhi ya siku kuu. Mama, weka mkono juu ya mwili wake. Kama ana homa, siku kuu ya kiwanja imekwisha. Muje hospitali palepale. Kama ni mzima, ale mbele ya kutoka na anywe kikombe cha maji. Mumvike pulovere asubuhi. Jua likipanda, muivue na kuiweka katika kikapo, maana jioni mtaihitaji tena.

Maji. Anywe kidogo kidogo siku nzima, bila kungoja kiu. Musiseme, "Mkojo wake ni mweupe, basi maji yanatosha." Figo za mtoto wa SS hazijui kufunga maji, zinayamwaga hata wakati mwili unayahitaji. Ndiyo maana anakojoa mara nyingi, na ndiyo maana wengine wanakojoa kitandani hata wakiwa wakubwa. Wamama, musimpige mtoto kwa sababu hiyo, wala musimnyime maji usiku. Ni ugonjwa, si uvivu.

Kucheza. Acheze, lakini akichoka apumzike. Mufundishe mtoto mwenyewe kusema, "Nimechoka," bila haya. Na akisema hivyo, musimcheke.

Wale wanaoshuka Baraka. Wengine wanasafiri siku kuu kuona ndugu na kuona ziwa. Kama barabara ni salama na mtoto ni mzima, inawezekana. Kule juu kwa Fizi kuna baridi. Musimweke mtoto juu ya mizigo ya motokari katika upepo. Akae ndani, amefunikwa. Muchukue fishi yake na dawa zake, na muulize kituo cha afya cha kule kiko wapi mbele ya kukihitaji. Ziwani, aingie mchana wakati jua limepasha maji, akae kidogo, atoke, apanguswe na kuvaa nguo kavu mara moja. Maji ya ziwa si ya kunywa. Kipindupindu kimeonekana mara nyingi katika Fizi na Baraka. Mtoto huyu akiharisha, maji yanamwishia upesi kupita wengine. Maji ya kunywa yawe yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa.

Maumivu yakianza. Mumwondoe katika jua au upepo, mumpe kunywa, mumfunike. Kitambaa kiwe cha moto kidogo. Kijaribuni kwanza juu ya mkono wenu. Musiweke kitu cha baridi. Parasetamoli mumpe kwa kipimo cha kilo yake kilichoandikwa katika fishi. Kati ya dawa moja na nyingine masaa 6 yapite. Aspirini hapana. Kuchanja ngozi na kumtia maji ya miti kwa nyuma, hapana kabisa.

Alama za kukimbia hospitali

Hapa musingoje mwisho wa ngoma, musingoje asubuhi:

1. Homa, mwili moto.
2. Kifua kinauma, au anapumua kwa shida.
3. Viganja, midomo na ulimi vimekuwa vyeupe kwa ghafula, na mtoto amelegea.
4. Tumbo limevimba upande wa kushoto chini ya mbavu. Pale ndipo bandama ilipo. Inaweza kukusanya damu nyingi kwa saa chache.
5. Mkono au mguu mmoja umekosa nguvu, mdomo umepinda, maneno hayatoki vizuri, au ameanguka kifafa.
6. Kichwa kinauma sana.
7. Kwa kijana, uume umesimama na kuuma bila kurudi.
8. Maumivu hayapunguki na dawa ya nyumbani.

Mama au baba akija kliniki, tutamwonyesha namna ya kugusa bandama kwa vidole. Si kazi ngumu. Imeokoa watoto.

Neno juu ya watoto wengine

Musisahau wale wasiougua. Dada wa kijana yule aliniambia siku moja, "Mimi nikiumwa kichwa, hakuna anayeniuliza." Watoto hawa wanapenda ndugu yao, lakini mara nyingine wanamkasirikia, kwa sababu siku nyingi zinaharibika juu yake. Musiwaambie, "Hatuendi juu ya huyu." Mukisema hivyo munatia uzito juu ya mgongo wa mgonjwa, na uchungu ndani ya moyo wa mzima. Mwaka wa kwanza nyumba ile ilikuwa na njia mbili tu: kuenda wote mpaka mwisho, au kumwacha mmoja. Mwaka wa pili walipata njia ya tatu: wote waende, na mtu mmoja awe tayari kurudi na mgonjwa, bila siku kuu ya wengine kukatika.

Na kama siku ile mtoto ana homa, au ametoka hospitali juzi na munganga amemkataza? Basi siku kuu ije kwake. Wenzake wawili au watatu waje mlangoni baada ya mistari, wamweleze nani alianguka na nani alisahau wimbo. Muweke sehemu yake ya nyama kabla wageni hawajaimaliza. Hiyo si sawa na kiwanja, na mtoto anajua. Lakini si sawa na kusahauliwa.

Tumalize na maulizo, na kila mmoja ajibu ndani ya moyo wake. Mtoto wangu mgonjwa anatamani nini siku kuu hii, na mimi nimemwuliza? Nani atachukua bidoni ya maji? Nani atarudi naye akichoka, na atarudi bila kugomba? Mwalimu wake anajua ugonjwa wake? Fishi iko wapi?

Mama akiwa na majibu matano hayo, yuko tayari.

Sasa tupime kilo. Mama mwenye mtoto wa SS asiende kwanza. Abaki kidogo, tupange pamoja siku yake.